Pumzi Ikikata Uwanjani, Usikimbilie Vitamini D

Ligi ya vitivo ikikaribia, vidonge vya vitamini D huanza kupita mkono kwa mkono bwenini: "Meza mwanangu, mapafu yafunguke." Wadau, tupoe kwanza.

Vitamini D inahitajika kwa misuli, ikiwemo ile ya kupumulia. Mwili huitengeneza ngozi ikipigwa na jua. Kwa hiyo anayeshinda maktaba na kufanya mazoezi usiku anaweza kupungukiwa hata akiwa Dar, na huyo vidonge vitamfaa. Ila kwa aliye nayo ya kutosha, hakuna ushahidi thabiti kwamba kuongeza kunampa pumzi zaidi. Tena ziada yake haitoki kwenye mkojo kama ya vitamini C. Hubaki mwilini, ikizidi sana inapandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Bila daktari, mtu mzima asivuke yuniti 4,000 kwa siku.

Kifua kikibana na kutoa mluzi baada ya kukimbia, huenda ni pumu. Nenda hospitali upulize kipimo cha mapafu. Pumu ina dawa yake ya kuvuta, na isipotibiwa inaweza kuua. Kidonge cha rafiki hakitakuokoa.