Tangazo la kazi bila mushahara: nani anapoteza?

Ku nguzo za umeme, ku milango ya maofisi na mu magrupe ya WhatsApp, matangazo ya kazi yanafanana: wanatafuta kijana mwenye diplome, mwenye bidii. Mushahara? "Tutazungumuza." Fasi ya kazi? "Itajulishwa."

Wengi wameisha kuzoea. Lakini kuficha bei ya kazi kuko na garama, na wa kwanza kuilipa ni yule asiyekuwa na kitu.

Mutafuta kazi anatosha fotokopi za diplome, picha, cheti cha mwenendo muzuri. Analipa moto kutoka Oicha mupaka Beni, ao kutoka Kavumu mupaka Bukavu. Siku anaitwa ndipo anasikia mushahara wenyewe, na hautoshi hata kulipa moto ya mwezi. Na huku kwetu, kujua fasi ya kazi ni jambo la usalama: kuna barabara mutu hawezi kukubali kupita kila siku.

Sheria inasema nini?

Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inakaza sana juu ya mukataba. Unapaswa kuandikwa, na kuonyesha aina ya kazi, mushahara, fasi ya kutumikia na siku ya kuanza. Kama hakuna maandishi, mukataba unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho, mupaka kinyume kihakikishwe.

Muda wa kujaribiwa nao uko na mupaka: mwezi 1 kwa manevre asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. Saa za kazi hazipite 45 kwa juma. Mushahara wa chini kabisa wa manevre uliwekwa ku franga 7 075 kwa siku mwaka 2018. Mwaka 2025 serikali iliamua kuupandisha kwa hatua, ya kwanza ikiwa franga 14 500.

Shida ni kwamba mukataba unakuja mwisho. Mutu akifika pale ameisha kutumia makuta yake, ameisha kuambia jamaa kama amepata kazi. Kukataa kunakuwa nguvu. Tena, pale bei haijulikane, mwenye kuchagua anaweza kuomba kitu ingine. Wasichana wengi wanajua tunasema nini.

Tangazo la wazi linaonyesha nini?

- Mushahara, hata kwa kusema "kati ya kiasi hiki na kile", na kama ni franga ao dola. Kama ni dola inayolipwa kwa franga, ni kwa bei gani?
- Kama ni bruti, ni kusema mbele ya kukata kodi na CNSS, ao neti, ile inafika mu mukono.
- Transport na nyumba. Sheria haivihesabu ndani ya mushahara. Basi visichanganywe ili kiasi kionekane kikubwa.
- Fasi, saa, na muda wa mukataba.

Wakubwa wa kazi wengine wanaogopa: "Nikiandika kiasi, watumishi wa zamani watanungunika." Kama wa zamani wanalipwa chini ya mugeni, manungúniko yako tayari mu nyumba. Na anayeandika wazi anapokea dosye chache za watu wanaokubali ile bei, kuliko kusoma mia mbili na kubaki bila mutu.

Weye unayetafuta kazi

Mbele ya kupanda moto, piga simu. Uliza: mushahara ni ngapi, kazi ni wapi, mukataba ni wa muda gani? Kuuliza si kukosa heshima. Anayeomba makuta ya "kufungua dosye" mbele hata ya kukuona, muache.

Na kama uliisha kuingia kazini na ile walikuahidi haifuatwe, chunga tangazo na ujumbe wote mu simu. Inspekta wa kazi ndiye anasikiliza pande mbili kwanza, mbele ya tribinali. Bila karatasi, itabaki neno lako na neno la mukubwa wa kazi.