Fahamu: Umeibadilisha gari, je, bima italipa?

Umeifungia Subaru yako turbo kubwa, ukaishusha, ukaiwekea rimu za inchi 18. Ikigonga, nani analipa?

Nchini Kenya, bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya humlinda mtu wa tatu, yaani mwingine anayedhurika na gari lako. Akijeruhiwa au kufa, fidia hufika hadi shilingi milioni 3, na kampuni haiwezi kumkwepa kwa kusingizia hali ya gari. Inaweza, hata hivyo, kukugeukia wewe ikudai ilicholipa.

Balaa liko kwenye bima kubwa, ile inayolipia pia gari lako. Mkataba wake husimama juu ya ukweli: unatakiwa kutaja lolote linaloongeza hatari. Kwa rimu zisizomo kwenye ripoti ya mthamini, usishangae kulipwa bei ya zile za kiwandani. Redio mara nyingi ina kikomo chake cha fidia. Turbo ndiyo kesi nzito, maana inaongeza kasi; ukiificha, dai zima laweza kukataliwa. Hata rangi mpya hutakiwa kuandikishwa NTSA, mamlaka ya usalama na uchukuzi.

Iandikie kampuni kabla fundi hajashika spana, tunza risiti, na udai nyongeza ya mkataba kwa maandishi. Ahadi ya wakala kwenye simu haitoshi.