Patasi, Mkanda wa Msasa na Joto la Chuma

Fundi wa mashua anayejenga chombo katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, huchonga mbao kwa tezo, lakini pale taruma linapokutana na ubao, au panapotakiwa tundu la pembe nne lenye kingo safi, hushika patasi, na ubutu wa patasi hiyo huonekana mara moja katika kiungio kisichobana. Gesi iliyogunduliwa kisiwani humo mwaka 1974, ambayo mwaka 2004 ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kufua umeme, imezungusha mota nyingi za karakana, zikiwemo za mashine za kunolea za mkanda, yaani zile zinazokimbiza mkanda wa msasa juu ya magurudumu.

Mashine hiyo humaliza kwa dakika chache kazi ambayo kinoo cha jiwe hukaa nayo muda mrefu, ila kasi hiyo huzaa joto, na joto ndilo adui halisi wa patasi. Ugumu wa chuma chake hutokana na kupashwa moto sana, kuzimwa ghafla katika maji au mafuta, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Kikipata moto kupita kiasi hicho wakati wa kunolewa, hulainika, na makali yake hujikunja yanapokutana na mti mgumu kama mkongo. Ncha ya makali, kwa wembamba wake, ndiyo hutangulia kuungua: hugeuka manjano ya majani makavu, halafu kahawia, na ikifika bluu, karibu nyuzi 300 za Selsiasi, sehemu hiyo imeshaharibika na haina budi kusagwa yote. Kungoja rangi ni kuchelewa. Afadhali tone la maji liachwe juu ya chuma karibu na makali, na likianza tu kufuka mvuke, patasi iondolewe na kuchovywa katika maji ya kisima, si ya bahari, ambayo chumvi yake huleta kutu.

Mkanda uende ukiyaacha makali, usiyakabili, la sivyo utachanika; nao uegemee bamba la chuma lililo nyuma yake, kwa maana ukilegea huuviringisha mteremko wa patasi, unaostahili kubaki nyuzi 25 hadi 30. Cheche nazo zisirukie pamba ya kalafati wala takataka za randa.

Kidole kikipitishwa taratibu upande bapa, kuelekea nje ya makali, hukwama kwenye ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, ishara kwamba msasa umefika mwisho wa makali. Ukingo huo huondolewa kwenye kinoo laini, kwa mkono.