Kama Kila Mtu Ni Kipimo, Ada ya Nini?

Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, Protagoras wa Abdera alizunguka miji ya Ugiriki akiwafundisha vijana wa matajiri kwa malipo. Msimamo wake ulijulikana: mtu mwenyewe ndiye kipimo cha mambo. Upepo ukimtetemesha mmoja, kwake ni baridi. Mwenzake asiposikia baridi, basi kwake haupo ubaridi. Hakuna wa tatu wa kuwaamua.

Plato anasimulia kwamba mtu huyu alichuma kuliko Phidias na wachongaji wengine 10 kwa pamoja. Katika maandishi yake ya majadiliano, *Theaetetus*, akambana hapo hapo: ikiwa kila mwanafunzi ni kipimo chake mwenyewe, analipia nini?

Swali hilo halijazeeka. Mitaala ya umahiri, Kenya na Tanzania, inamtaka mwalimu apunguze kuhubiri na mwanafunzi ajijengee maarifa. Naiunga mkono; kukariri kumetuchosha. Lakini mwalimu akifika mahali pa kusema kila jibu ni sahihi, mtoto ameamka alfajiri kufuata nini?

Plato, kwa kumtendea haki mpinzani wake, alimtungia utetezi. Mgonjwa huona chakula ni kichungu, mzima akakiona kitamu, na hakuna anayedanganya. Ila hali ya mzima ni bora, na tabibu ndiye wa kumvusha mtu kuifikia. Yeye hutumia dawa. Mwalimu hutumia maneno. Wanaomcheka Protagoras hulipita jibu hili haraka mno. Kwenye fasihi linatosha kabisa: wawili husoma shairi moja, wakalielewa mbalimbali, na mwalimu akawasogeza wote kwenye usomaji mpana zaidi pasipo kumtangaza mshindi.

Kwenye historia linakwama. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 Wajerumani waliviita uasi. Sisi tunaviita mapambano dhidi ya ukoloni. Darasa na libishane juu ya majina hayo hadi kengele ilie. Lakini mashamba yalichomwa, njaa ikaua watu wengi mno, na hilo halingoji mtazamo wa mtu.

Kuhusu ada, Protagoras alikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi aliyeona bei ni kubwa alikwenda hekaluni, akaapa masomo yale yana thamani gani kwake, kisha akalipa kiasi hicho. Kwenye fedha, walau, aliishi alichofundisha.