Je, Wajua? Viboko Waliotakiwa Kumaliza Gugumaji

Je, wajua kwamba mwaka 1910 mbunge wa Marekani, Robert Broussard wa Louisiana, alipeleka bungeni muswada wa kuagiza viboko kutoka Afrika? Mito ya jimbo lake ilikuwa imezibwa na gugumaji, naye alitumaini viboko wangelitafuna, kisha wananchi wajipatie kitoweo. Muswada haukupita. Gugumaji likabaki.

Je, wajua kwamba aliyelipunguza gugumaji katika Ziwa Victoria ni mdudu wa milimita 5 hivi? Ni Neochetina, ndugu wa fukusi wa nafaka, na kwao ni Amerika Kusini, kama gugu lenyewe. Uganda iliwaachia ziwani mwaka 1995, Kenya na Tanzania zikafuata. Mdudu mzima huparua majani, kiwavi wake hutoboa shina hadi maji yaingie na mmea uzame. Mahindi hawagusi. Ila kazi yao huchukua miaka, na mwenye bwawa la samaki hana muda huo.

Basi aanze kwa kujua anapambana na nini. Chukua gugumaji ukate shina la jani pale lilipovimba: ndani utakuta sponji iliyojaa hewa, ndiyo inayolifanya lielee. Maua yake ni ya zambarau, yenye doa la njano. Pistia, gugu jingine linaloelea, haina mashina hayo. Majani yake yenye vinyweleo yamejipanga kama kabichi changa.

La kuogopwa zaidi, kwa maoni yangu, ni Salvinia molesta. Halitoi maua wala mbegu, na hiyo inayoonekana kama mizizi yake ni jani lililozama. Huzaliana kwa kukatika tu: kipande chenye chipukizi kinatosha. Mwaka 1962 lilifunika karibu moja ya tano ya Ziwa Kariba. Ndiyo maana kulikatakata kwa panga majini ni kulipanda upya.

Mimea hii ikifunika bwawa, hewa na mwanga havipiti. Alfajiri utaona sato wakihema juu ya maji. Ivute kwa wavu hadi ukingoni, uing'oe na mizizi yake, uirundike mbali ambako mvua haitairudisha. Ni maji matupu, zaidi ya sehemu 9 kwa 10, hivyo rundo kubwa hunywea haraka likianikwa juani. Fanya hivyo kabla maua hayajatoka, kwa kuwa mbegu za gugumaji hukaa hai matopeni zaidi ya miaka 15. Kisha chimba mfereji wa kuzuia samadi na mbolea za shambani zisitiririkie bwawani, maana hicho ndicho chakula cha mimea hii.

Na usipande gugumaji nyumbani kwa uzuri wa maua yake. Nchi nyingi zililetewa gugu hilo hivyo hivyo, kama pambo.