Simu Inayomwuliza Mhudumu Kwanza

Mtoto wa miezi 8 amelala mapajani pa mama yake, fulana imepandishwa hadi shingoni. Mhamasishaji wa afya ya jamii amepiga magoti, macho hayabanduki kifuani pa mtoto, kipima muda cha simu kikihesabu sekunde 60. Kifua kinapanda, kinashuka. Arobaini na tisa. Hamsini. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kupumua mara 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Akishatimiza mwaka mmoja, kikomo ni 40.

Kazi hii hufanyika kila siku katika maeneo ya Kenya kama Kuresoi, Subukia na Kaptembwo. Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua ugavi wa mikoba na simu kwa wahamasishaji wapatao 100,000, na rekodi zilizokuwa madaftarini zikazidi kuhamia eCHIS, mfumo wa kidijitali wa taarifa za afya ya jamii uliojengwa kwa zana huria za Community Health Toolkit. Wabunifu wake walifikiria vilima visivyo na mtandao: taarifa hubaki ndani ya simu, kisha hutumwa mtandao ukipatikana.

Kwa nini semina ya kumfunza mhudumu huyu vikomo hivyo haitoshi? Tangu 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tulichojifunza huanza kututoka ndani ya saa chache. Mwaka 1991 Mmarekani Gloria Gery akaandika kitabu akitaka kompyuta impe mfanyakazi msaada palepale anapouhitaji, kazi ikiendelea.

Hapo ndipo ninapoona hatari. Simu ikitoa jibu kila mara, mhudumu atabaki kubonyeza tu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi makala wasome. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojaribu kuyakumbuka bila kutazama ndio waliokuwa mbele, tena kwa mbali.

Basi programu ya simu na imwulize mhudumu kabla ya kuamua: mtoto huyu, wewe unamwonaje? Akishachagua, ndipo ioneshe jibu pamoja na sababu: umri wake, idadi aliyohesabu, kikomo chake. Itachukua sekunde chache, na siku chaji ikiisha, ile 50 atakuwa nayo kichwani.

Ila mtoto mwenye degedege, au aliyeshindwa kunyonya, asingojeshwe na maswali. Kwake skrini iruke moja kwa moja hadi kwenye rufaa, na mama aanze safari ya kituo cha afya.