Programu hujifungua au hufunguka? Vitenzi vya tarakilishi vyahitaji uangalifu

KISWAHILI kina njia zaidi ya moja ya kusema kuwa jambo limetukia bila mkono wa mtu, na ukikosea njia unaweza kupoteza pesa.

Msomaji mmoja wa Njukini, Kaunti ya Taita Taveta, ambaye hununua ndizi kwa wakulima, ameniandikia kuhusu hesabu zake. Stima hupotea, ikirudi, karani huwasha tarakilishi na kusahau programu ya kuhifadhi nakala. Malipo ya siku kadhaa yakapotea, na wakulima wanadai. Msomaji alikuwa amemwachia karani agizo: “Hakikisha programu inajifungua.” Karani alicheka, basi.

Namwelewa. Kujifungua ni kuzaa. Kiambishi -ji- kwa kawaida humfanya mtenda awe pia mtendwa: anajikata, anajisifu. Ila katika vitenzi vingine kimegandamana na mzizi, kikazaa maana ya pekee. Kauli ya kutendeka ndiyo inayofaa hapa: programu inafunguka, kama mlango unavyofunguka kwa upepo. Hata hivyo, kauli hiyo ina maana mbili. Tukisema “faili hii haifunguki” tunazungumzia uwezekano, wala si hiari. Ndiyo maana tunaongeza yenyewe: inafunguka yenyewe. Wapo wanaopenda “kiotomatiki”. Sina ugomvi nao, lakini yenyewe inaeleweka sokoni Taveta na chuoni vilevile.

Suala la pili ni: inafunguka lini? Wengi husema “tarakilishi inapowaka”. Katika Windows 10 na 11, programu iliyowekwa kwenye folda ya “Startup” haifunguki mashine inapowaka, bali mtumiaji anapoingia. Kama karani hajaandika nywila, programu inangoja tu. Kwa hiyo agizo lingesomeka hivi:

“Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R. Kisanduku kikitokea, andika shell:startup, kisha bonyeza Enter. Folda itafunguka. Nakili njia ya mkato ya programu ya nakala, uibandike humo. Zima tarakilishi, uiwashe, uingie, uone kama programu imefunguka yenyewe.”

Sentensi ya mwisho isiachwe. Karani asipojaribu, kosa litajulikana stima ikipotea tena.

Kwa miaka mingi tumebishana kuhusu nomino: tarakilishi, kompyuta au ngamizi? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na baadaye Windows nayo ikapata sura ya Kiswahili. Kazi nzuri. Lakini anayetumia mashine anaelekezwa na vitenzi, na hivyo hatujavijadili vya kutosha. (Kiingereza nacho kiliazima kwenye viatu: boot inatokana na kisa cha mtu kujiinua kwa kuvuta vishikio vya buti zake mwenyewe!)

Tofautisha pia kuondoa na kufuta. Ukiiondoa njia ya mkato kwenye folda ile, programu haifutiki; inaacha tu kufunguka yenyewe. Karani akiambiwa “futa programu” wakati nia ni kupunguza zile zinazochelewesha mashine asubuhi, hesabu za ndizi zitakosa nakala kwa mara ya pili.